Kibaiskeli cha Kukunja na Heshima Yangu Mtaani

Ukipanda baiskeli ya Phoenix asubuhi ya Jumatatu, usingizi haujakutoka vizuri, itakufikisha kazini. Ringi za inchi 28, fremu ndefu ya chuma, uzito wa kilo 20 hivi: ikishashika njia inajiendea, nawe juu yake unawaza kodi ya nyumba. Kibaiskeli cha kukunja hakina habari na kodi yako. Kinataka macho yote mawili, mikono yote miwili na akili yote uliyojaliwa, tangu unapotoka getini hadi unapokikunja na kukitia kwapani.

Changu ni cha mtumba kutoka Japani, cha vile vinavyofika Dar es Salaam ndani ya makontena, vimebanana pedeli kwa pedeli. Ringi zake ni inchi 20, bawaba moja iko katikati ya fremu, nyingine chini ya usukani. Ubavuni kimebaki na stika ya usajili ya kule kwao, maana Japani baiskeli huandikishwa ili ikiibwa ijulikane mwenyewe ni nani. Fundi wangu huwaonyesha wateja stika hiyo kwa kidole chenye grisi na kuwaambia, "Hii sasa ndiyo Japani yenyewe, siyo ya kubabaisha." Breki ya nyuma ni ya mkanda, na ukiikamata inalia kwa uchungu kiasi kwamba kengele nimeing'oa. Mbwa wa Tabata wote wanaijua.

Ubishi wote unaanzia kwenye ringi. Foku ya mbele ya baiskeli haisimami wima, imelala kidogo. Ukiuvuta mstari wake kwa macho hadi chini, utaona tairi linagusa ardhi nyuma kidogo ya mstari huo. Umbali huo mdogo ndio unaolirudisha tairi njiani kila linapotaka kupotea. Ringi ikiwa ndogo, umbali nao unapungua, isipokuwa mtengenezaji awe ameufidia kwenye foku. Tena ringi kubwa na nzito ikishazunguka huwa haipendi kuyumbishwa, ilhali ndogo inakubali lolote. Kwa hiyo usukani wa kibaiskeli unatii kupita kiasi. Ukikohoa, umekata kona.

Sasa Tabata huwezi kupita mtaani bila kusalimia. Juu ya Phoenix nilikuwa nainua mkono, na nikikutana na mtu niliyemkumbuka sana, yote miwili. Juu ya kibaiskeli, mkono mmoja ukiondoka usukanini, ule uliobaki unajiona ndio mwenye gari. Nilimwinulia mkono mzee wa duka la vipuri, "Shikamoo mzee" ikanitoka kwa adabu zote, na "Marahaba" yake ikanikuta nimeshaingia kwenye meza ya nyanya ya mama wa jirani. Yule mama alizihesabu kwa sauti, moja baada ya nyingine, na zile zilizooza tangu juzi nazo zikapata nafasi kwenye hesabu. Mzee wa vipuri akasimama kuwa shahidi wake.

Tangu hapo nasalimia kwa mdomo tu, macho mbele, shingo kavu. Taarifa zikamfikia mke wangu kupitia kikoba chao cha Jumamosi: mumeo siku hizi anaringa, mkono hainui. Tena anaringia kibaiskeli cha mtoto!

Mashimo ni sura nyingine. Shimo ambalo tairi la inchi 28 hulipita kwa kuegemea kingo zake, la inchi 20 huingia lote na kwenda kugonga ukuta wa ng'ambo. Na ule mstari wa matuta madogo madogo kabla ya kivuko cha watu nimeupita nikiwa naongea na jirani, sentensi ikatoka silabi silabi, akadhani nalia. Mchanga wa mitaa ya ndani sina la kusema: unashuka, unasukuma, unasalimia vizuri kwa mikono miwili, unapanda tena mbele.

Lakini kilichonitesa kuliko vyote ni nguzo ya siti. Kwenye baiskeli ya kawaida fremu iko juu na nguzo inatokeza kidogo tu. Kwenye ya kukunja fremu iko chini karibu na magoti, kwa hiyo mtu mzima hulazimika kuivuta nguzo mpaka alama ya mwisho, na chuma chote hicho kirefu kinashikwa na kibano kimoja. Kibano cha mtumba kimeshachoka. Unatoka nyumbani umekaa juu kama watu. Ukifika Buguruni umeshuka vidole viwili. Ilala magoti yanapita usawa wa kifua, na unapoingia Kariakoo yanabisha hodi masikioni, huku wapita njia wakidhani ndivyo ulivyoumbwa. Unashuka unachechemea. Fundi alikikaza kibano kwa kipande cha kopo la soda alichokizungushia nguzo, na nakiri kazi yake imeshinda chuma cha Kijapani.

Huyu huyu fundi ndiye aliyenifundisha kwamba inchi 20 siyo inchi 20. Kuna tairi la 20 ambalo ringi yake ina kipenyo cha milimita 406, ndilo la baiskeli za watoto, nalo linapatikana kila kona. Kuna jingine linaloitwa 20 hilo hilo, jembamba, la milimita 451, ambalo Wajapani hulipenda, na ndilo langu. Nililinunua lile la kwanza, tukalivuta watu wawili kwa mabisibisi hadi jasho, halikupanda. Muuza duka alinitazama kwa huruma. "Kwani mtoto ana miaka mingapi?"

Halafu akaja shangazi kutoka Muheza. Shangazi ana mwili wa neema, na alishuka stendi na ndoo ya machungwa. Phoenix ingembeba yeye, ndoo na bado pakabaki pa kufungia kuku. Nilimweleza kwamba hii keria iko chini na siti yangu iko nyuma, uzito wote unalalia ringi moja. Akasema nimeanza ubahili wa mjini, akakaa. Nilipokanyaga pedeli tu, ringi ya mbele ikapaa.

"Mwanangu," akasema, miguu yake ikiwa imeshagusa lami pande zote mbili bila taabu, "mbona kinainua mikono kama kinaomba dua?"

Tulipanda bajaji, kibaiskeli kimekunjwa mapajani mwa shangazi na machungwa juu yake. Alikisifu njia nzima, kwamba kikikaa hivyo hakina shida na mtu.

Shangazi aliona mbali, kwa sababu hata waliovibuni vitu hivi waliwaza zaidi saa ambazo mtu hajavipanda. Katika Vita Kuu ya Pili, kampuni ya BSA ya Uingereza iliwatengenezea askari wa miavuli baiskeli ya kukunja ya kurukia nayo kutoka kwenye ndege. Ringi zilibaki kubwa, kwani aliyetua salama alihitaji kuondoka pale kwa kasi. Katikati ya miaka ya 1970, mhandisi Andrew Ritchie alikuwa anaishi London kwenye fleti inayotazamana na kanisa la Brompton Oratory. Akabuni baiskeli inayojikunja mara tatu na kuwa kifurushi cha kuingia nacho kwenye treni na kukisukumia chini ya meza ya ofisi. Akaipa jina Brompton, na ringi zake zikawa za inchi 16 tu. Ukizitazama hizo 16 ukiwa umetoka barabara ya kwetu, unamwombea dua. Naye alikuwa na lami ya London na treni yenye mahali pa kuweka mzigo. Mimi nina daladala.

Ila haki itendeke. Kibaiskeli kinaondoka haraka, maana ringi nyepesi haihitaji kubembelezwa. Taa zikiruhusu pale Buguruni, namwacha mzee mmoja wa Phoenix na magunia yake mawili ya mkaa kana kwamba kafungwa kamba. Furaha hiyo inadumu mpaka kituo kinachofuata. Ringi ya 28 ikizunguka mara moja imekwenda zaidi ya mita 2, ya 20 imekwenda moja na nusu na ushei, na changu hakina gia. Mimi nazungusha miguu kama cherehani, mzee anapita taratibu, mguu mmoja chini mmoja juu, mkaa haumwagiki. Huwa ananipungia mkono. Simjibu, kwa sababu mnazozijua.

Jioni moja, kabla ya lile kopo la soda, mvua ilinikuta Kariakoo, kibano kimeteleza tena, magoti yamekufa ganzi. Nikakikunja, nikapanda daladala nachechemea, chuma kimefunikwa gunia ili kisichafue watu. Ringi zilichungulia kidogo kwenye kona ya gunia.

"Jamani mpisheni," abiria mmoja akasema, "kaja na kiti chake cha magurudumu."

Nilifungua mdomo nieleze, gari likaondoka kwa kishindo, nikajikuta nimekaa. Mama aliyenipisha akasimama njia nzima ameshika bomba, ananiuliza nilianza kuumwa lini. Nilimjibu ukweli mtupu, kwamba ni magoti, yananisumbua tangu ninunue hiki. Akatikisa kichwa. Konda peke yake ndiye hakulainika: alitaka mia tano ya mzigo, abiria wakamzomea kwa kumtoza mgonjwa, akanywea.

Kituoni Tabata nilisaidiwa kushuka na watu wawili. Mvua ilikuwa imekatika. Nikakunjua bawaba ya kwanza, nikakunjua ya pili, nikavuta siti juu, nikapanda. Nyuma yangu mama yule yule alitoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Bwana asifiwe!" na nusu ya gari ikaitikia amina. Nilikanyaga pedeli kwa nguvu, na ringi ndogo kwa kuondoka hazina mpinzani, lakini sauti ya konda ilinifikia hata hivyo:

"We uliyepona! Mia tano yangu ya mzigo!"