Sifa za Upepo Unaovuja

Wapo wanaosifu mkonge wa Kabuku, na wapo wanaosifu lami inayotoka Chalinze kwenda Segera. Sifa zangu mimi nazipeleka gereji, kando ya lami hiyohiyo, kwa tundu dogo lililo kwenye kiungio cha mpira wa kompresa: ssssss, asubuhi hadi jioni, bila posho wala likizo.

Tundu hili si vivu. Likiwa na upana wa milimita 3 tu, geji ikisoma bar 7, linamwaga hewa lita zipatazo 10 kila sekunde. Mota haipati nafasi ya kuzubaa. Hata mafundi wakienda kula, kompresa inajiwasha yenyewe, inaunguruma, inajaza tangi, ili tundu lisikose kazi. Na uniti za LUKU zinapata pa kwenda.

Tena halipendi makuu. Nati ya lori ikigoma kwa upepo hafifu, lawama zote zinaishia kwa spana ya upepo: inapanguliwa, inasingiziwa uzee. Tundu liko kimya kwenye kiungio chake (kimya kwa maana ya kwamba redio iko juu). Fundi mkorofi ndiye hulifichua: anapaka maji ya sabuni kwenye viungio, panapotoa mapovu ndipo. Tredi tepu mpya, klipu inakazwa, bidii ya miezi imeuawa.

Nisiyasahau maji ya tangini. Hewa ya huku ina unyevu. Ikibanwa kisha ikapoa, unyevu unageuka maji, yanatuama chini na kukila chuma kwa ndani, mahali pasipo na macho ya kuyaudhi. Koki ya kuyatoa ipo chini ya tangi, ifunguliwe kila siku, lakini nani ana roho ngumu hivyo? Yakiachwa yanasafiri na mpira mpaka ndani ya spana, yanaosha oili, yanapanda kutu. Matone machache tu ya oili kwenye mdomo wa spana kila asubuhi yangeyavurugia mipango.

Anayedharau upepo unaovuja asubiri lori. Mpira wa breki ukipasuka, upepo ukaisha, springi zinabana breki, tairi hazizunguki tena. Dereva aliyekuwa na haraka ya Dar anashuka Kabuku, anavuta benchi, anaulizia wali. Mama ntilie wa pale sijamsikia hata siku moja akililaani tundu.