Barua ya Wazi kwa Waziri wa Michezo: Tunaomba Geti Moja Tu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Michezo (uliyepo leo, au yule atakayekuwa kitini barua hii ikifika),
Nairobi.

KUH: OMBI LA GETI

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Kianda, Kibera. Najua una shughuli nyingi, hasa za kukata utepe, kwa hivyo nitatanguliza shukrani kabla ya shida, jinsi tulivyofunzwa kuomba.

Tunaishukuru serikali, hii na zote zilizoitangulia, kwa ukarimu. Sijui taifa jingine barani linalogawa mashindano kama sisi. Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 1996 lilikuwa lichezwe kwetu. Maandalizi yakatushinda, likaenda Afrika Kusini, na Afrika Kusini wakalitwaa. CHAN ya 2018, michuano ya Afrika ya wanaocheza ligi za nyumbani, nayo ilikuwa yetu. Septemba 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakatupokonya kwa kuwa viwanja havikuwa tayari, wakawapa Moroko, na Moroko wakashinda. Yaani Kenya tukikupa mashindano, tunakupa na kombe lenyewe. Agosti 2025 hatimaye tuliandaa CHAN kwa pamoja na Tanzania na Uganda, na Moroko wakaja mpaka uwanja wa Kasarani kulichukua kombe, 3-2 dhidi ya Madagaska, desturi isije ikavunjika.

Tunashukuru pia kwa elimu ya jiografia. Juni 2024 Harambee Stars walicheza mechi mbili za nyumbani, dhidi ya Burundi na Ivory Coast, na nyumbani kulikuwa Lilongwe, Malawi. Septemba mwaka huo, dhidi ya Zimbabwe, nyumbani kulihamia Kampala. Oktoba Kameruni nao wakakaribishwa nyumbani kwetu, Kampala vilevile. Katika vibanda vyetu vya video tulizitazama mechi hizo kwa uzalendo mkubwa, huku kila mmoja akijiuliza nauli ya kwenda nyumbani ni pesa ngapi.

Sasa tuje Nyayo. Uwanja huo ulifunguliwa 1983, na sisi wa Kianda huuhesabu kuwa wetu kwa sababu ambayo haimo katika ripoti yoyote ya mkaguzi: unafikika kwa miguu. Kuna matatu za nambari 8, ndiyo, lakini siku ya Mashemeji Derby, Gor Mahia wakikutana na AFC Leopards, matatu ni ya mtu asiyejua utamu. Tunashika reli kuanzia asubuhi. Tukipita Gatwekera kikundi kinakua, kufika Laini Saba kimekuwa umati, na kila aliyevaa kijani anatembea bega kwa bega na aliyevaa chui, wakitusiana kwa heshima, kwa kuwa mmoja ameoa dada ya mwenzake au anakusudia. Tunatokea Mbagathi, tunaingia barabara ya Lang'ata. Ngoma za isukuti tayari zinalia. Kuna mzee mmoja, simtaji, ambaye hutembea njia yote akisimulia mwaka 1987, Gor walipowatoa jasho Espérance ya Tunis: 2-2 kule kwao, 1-1 hapa Nairobi, na Kombe la Washindi la Afrika likatua Kenya kwa faida ya magoli ya ugenini. Ukifika Madaraka, Peter Dawo wa Gor amekwisha kufunga mara nyingi kuliko alivyofunga kweli, na hakuna anayemkosoa mzee.

Nje ya uwanja ndipo uchumi ulipo. Smoki na kachumbari, mayai ya kuchemsha, njugu, mahindi ya kuchoma, jezi za Gor zilizoshonwa na fundi ambaye klabu haimjui, rangi za kujipaka usoni. Wengi wa wauzaji hao ni majirani zetu. Uwanja ukifungwa, Mheshimiwa, hakuna kikao cha Bunge kinachoitishwa kwa ajili ya mama wa mayai. Hurudisha tu karai nyumbani.

Na huu uwanja hufungwa! Hufungwa kwa ustadi. 2017 ulifungiwa soka ukarabatiwe kwa ajili ya ile CHAN tuliyogawa. CHAN ikachezwa Moroko, ikaisha, watu wakasahau nani alifunga, na Nyayo ulikuwa ungali ukikarabatiwa. Wakati huo mpira haukuruhusiwa, lakini Desemba 2019 sherehe za Jamhuri zilifanyika humo, na Februari 2020 ibada ya taifa ya kumuaga Rais Moi ikafanyika humo. Aprili 2022 ikawa zamu ya Rais Kibaki. Oktoba 2025 tukamuaga Raila Odinga papo hapo, na siku hiyo Kibera ilikwenda ikilia, wala sina mzaha juu yake. Ninachouliza ni jambo la kiutaratibu: je, mchezaji wa kawaida anayetaka kutumia nyasi hizo ni lazima kwanza awe kiongozi, kisha afe?

Nadhani tatizo ni kwamba mnaviona viwanja kama sebule ya wageni, ile yenye vitambaa vyeupe juu ya makochi, ambayo watoto wa nyumba hiyo hawaruhusiwi kuikalia. Kasarani ilijengwa ili Michezo ya Afrika ya 1987 ipate pa kuchezewa. Nyayo na Kasarani zikapakwa rangi upya CHAN ilipokuja. Mgeni akiondoka, funguo zinarudi mfukoni mwa mwenye nyumba, na sisi wenye mpira tunarudi kwenye vumbi. Mwaka 2009 mlijaribu hata kuupa Nyayo jina la Coca-Cola, mkataba ambao haukudumu. Soda yenyewe hatukuionja.

Agosti ile ya 2025, lakini, tuliingia sebuleni. Stars wakawafunga Kongo, wakatoka sare na Angola, wakawafunga Moroko haohao, wakawafunga Zambia. Kianda haikulala. Kasarani ikajaa, na baada ya mechi ya Moroko CAF wakagundua kasoro kubwa ya soka ya Kenya: mashabiki. Wako wengi, na wanataka kuingia. Amri ikatoka kwamba mechi ya Zambia iruhusiwe watu 27,000 tu, wote na tiketi za kielektroniki. Nakiri kuna walioingia kwa fujo bila tiketi, nami siwatetei. Lakini tazama dawa yenyewe. Shida ilikuwa mageti na mipangilio. Kilichopunguzwa ni watu. Robo fainali ilipokuja tukatolewa na Madagaska kwa penalti, na msongamano ukaisha kabisa. Hongera kwa wote waliohusika.

Hapa naomba niweke kejeli pembeni kidogo. Tarehe 23 Oktoba 2010, watu 7 walikufa Nyayo katika msukumano wa kuingia kutazama Gor na Leopards. Walikwenda kutazama mechi ya ligi, Jumamosi, kwa tiketi ya mwananchi. Kila ninapopita kwenye mageti yale nikiwa nimebanwa kifua na mgongo, nikisikia wa nyuma wakipaza sauti kwamba mechi imeanza, huwakumbuka. Mwenye kiti cha VIP huingia na gari lake kwa mlango mwingine, ndiyo maana katika miaka yote hii geti halijawahi kuwa jambo la dharura mezani kwake.

Ndiyo sababu ya barua hii. Huko Jamhuri, ng'ambo tu ya kwetu, mlianza Machi 2024 kujenga uwanja wa Talanta wa watu 60,000, kwa ajili ya AFCON ya 2027 tutakayoandaa na majirani zetu wawili. Tumezisikia habari zake. Julai 2025 kengele iligongwa katika Soko la Hisa la Nairobi kwa ajili ya hati fungani ya shilingi bilioni 44.79 ya kuujenga. Kwa hiyo wapo watu ambao wameshaanza kula faida ya uwanja huo kabla mpira haujagusa nyasi. Wamejaliwa. Sisi hatuna hisa, ila tuna miguu, na safari hii hatuhitaji hata kufika Mbagathi.

Kwa hivyo tunaomba geti moja. Liwe upande wa Kibera. Najua wachoraji hupendelea milango inayotazama barabara kuu, ambako rais hupita na kamera husimama. Hilo la kwetu lisitazame kamera yoyote, hatutanuna. Lisiwe na zulia wala bango la mfadhili. Mama wa mayai apewe nafasi ya kuweka karai lake bila kufukuzwa na askari wa kaunti. Lifunguliwe saa nyingi kabla ya mechi, kwa kuwa tutafika mapema. Tumezoea kufika mapema na kungojeshwa. Lifunguliwe pia 2028, mgeni akisharudi kwao, Gor wakicheza na timu ya mkiani siku ya Jumatano yenye mvua. Na tafadhali mwambie mhandisi alifanye pana, lifungukie nje, na siku ya mechi ufunguo ubaki kwa mtu aliye pale getini, usibaki kwa bosi wake aliyezima simu.

Wako mtiifu hadi dakika za nyongeza,

Mkaazi wa Kianda, Kibera.

Nakala kwa: CAF, wakiwa na nafasi, Mhandisi wa mradi, Fundi wa jezi, ili aanze kushona.