Jinsi ya Kusawazisha Karata Bila Kuharibu Biashara

Hongera kwa kazi mpya. Kuanzia leo wewe ndiye msawazishaji wa karata katika mchezo wa mtandaoni, na umekabidhiwa mizani. Kila muuza nyama anajua kuwa mizani haidanganyi; kinachodanganya ni kidole. Darasa letu litakuwa Hearthstone, mchezo ambao kampuni ya Blizzard ya Marekani iliuzindua mwaka 2014.

Hatua ya 1: Mkirimu mgeni. Mpe bure War Golem: gharama 7, shambulio 7, uhai 7. Ni jitu la nguvu lisilo na hila yoyote. Mgeni atalala akijiona ameshamaliza mchezo.

Hatua ya 2: Mlete ndugu yake tajiri. Desemba 2014, toleo la Goblins vs Gnomes lilimleta Dr. Boom: gharama 7, shambulio 7, uhai 7. Wamelingana kama mapacha, isipokuwa Dr. Boom haji mikono mitupu. Huja na mabomu mawili yenye miguu, na kila moja likifa linalipuka na kumjeruhi adui. Huo ndio usawa wa kitaalamu: sawa, halafu nyongeza.

Hatua ya 3: Uadimu uwe ndio utetezi wako. Wakilalamika, waambie fungu lina karata 30 na Dr. Boom haruhusiwi kuwemo zaidi ya mmoja. Usiongeze kwamba kila mpinzani atakayekaa mbele yao naye ana mmoja wake. Karata ikiwa adimu haipungui nguvu mezani. Kinachopungua ni mfuko wa anayeitafuta.

Hatua ya 4: Fungua duka la vumbi, yaani sarafu ya kutengenezea karata. Pakiti ina karata tano, na za daraja la Dr. Boom huonekana kwa nadra kama mwezi mwandamo. Asiye na subira atamtengeneza kwa vumbi 1600. Akijuta na kumvunja, mrudishie 400. Yaani wakubwa wanne wafe ili azaliwe mmoja, na hesabu hiyo uiite ukarimu.

Hatua ya 5: Nyunyiza bahati. Bomu la Dr. Boom hutoa madhara kuanzia 1 hadi 4, na hakuna ajuaye litamwangukia nani. Hapo umewaridhisha wote wawili: aliyeshindwa ataapa kuwa bahati ilimkimbia, aliyeshinda ataapa kuwa ni akili zake. Wala hakuna atakayekukumbuka wewe.

Hatua ya 6: Chagua dawa ya malalamiko. Dawa ya kwanza ni kuipunguza karata makali. Ina madhara: kwa muda maalumu, mwenye kuivunja hurudishiwa vumbi lote, 1600 kamili. Itumie ukishikwa pabaya tu, kama Aprili 2020, pale wahusika wapya, Demon Hunter, walipoingia uwanjani na hazikupita siku mbili kabla karata zao hazijaguswa.

Dawa ya pili haina gharama: mstaafishe. Aprili 2016 ulianzishwa uwanja wa Standard, toleo zima la Goblins vs Gnomes likaachwa nje. Dr. Boom aliondoka na saba zake zote na mabomu yake yote mawili, hajapunguzwa hata moja. Aliyetaka kucheza naye alielekezwa uwanja mwingine. Aliyechoka naye alimvunja, akapokea 400 zake, akaenda kununua pakiti za toleo jipya.

Hatua ya 7: Kagua kazi yako. Dr. Boom aliondoka na vumbi likaliwa, lakini wakati huo yule War Golem wa bure alibaki Standard na saba zake. Hakuuzwa, hakuvunjwa, na hakuna mpinzani aliyewahi kumlalamikia. Huyo ndiye karata uliyemsawazisha barabara, maana hakuna aliyemchezesha.