Jedwali Likigoma Kuenea Kwenye Karatasi

Jedwali la ukurasa wa wavuti halina ukingo. Kwenye skrini hutanuka linavyopenda, na mwenye simu hulivuta kwa kidole mpaka aione safu ya mwisho. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 tu, printa nayo hujikatia kidogo kila upande, na karatasi haivutwi kwa kidole. Ugomvi wote huanzia hapo.

Kilosa mjini ugomvi huo hushamiri siku ya matokeo ya kidato cha nne. Mzazi hufika duka la steshenari akitaka matokeo ya mwanawe ayapeleke kwa babu. Jedwali lina namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, daraja, na mwisho kabisa masomo yenyewe. Printa inatema ukurasa: Uraia umetoka, Historia imekatika katikati, mengine hayapo.

"Mbona Hisabati siioni?"

"Mama, karatasi imeisha."

Mama anaigeuza, huenda Hisabati imeandikwa nyuma.

Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza hifadhini, hasara ni ya mwenye nyumba ya wageni. Orodha yake iliyobandikwa mapokezi inataja vyumba, chai ya asubuhi na maji ya moto; safu iliyokatwa ni ya bei. Ni picha ya twiga iliyopigwa dirishani mwa basi: miguu ipo, shingo imebaki nje. Wageni, inasemekana, huipenda sana orodha hiyo.

Mara nyingi chanzo ni kimojawapo kati ya vitatu. Ama jedwali limepewa upana usiobadilika, au maneno yamekatazwa kushuka mstari, ama limefungiwa ndani ya kisanduku cha kusukuma, na hapo kinachochapwa ni kile tu kinachoonekana. Tiba ya kwanza ni kuilaza karatasi, upana uwe milimita 297. Isipotosha, ukubwa upunguzwe hadi asilimia 80 au 70. Ukifika 40 herufi zinakuwa sisimizi na babu ataomba miwani ya jirani. Wengine hunakili jedwali na kulibandika kwenye Excel. Njia nzuri, ila matokeo ya mpira ya 2-1 huweza kugeuka tarehe bila mtu kuulizwa.

Michirizi ya rangi inayotenganisha mistari nayo hupotea, kwa kuwa vivinjari vingi havichapi rangi za nyuma mpaka viamriwe. Kichwa cha jedwali kutojirudia ukurasa wa pili, au mstari kukatwa kiuno kati ya kurasa mbili, ni kazi ya aliyeutengeneza ukurasa. Mwenye duka asilaumiwe.

Kabla ya kubonyeza, mwombe akuonyeshe kwenye skrini karatasi itakavyotoka. Kuangalia ni bure. Karatasi iliyokwisha toka, hata ikibeba nusu ya jedwali, hulipiwa nzima.