Biti Moja Imeniumbua Magongo

Uso bado unaniwaka. Juzi mteja wangu, mzee mwenye malori, aliketi kando yangu hapa Magongo kuiona programu ya kufuatilia makontena yake. Nikaanza kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu. Mashine ikafika katikati ikakata: kompaila imegusa kumbukumbu isiyo yake. Nikarudia, ikakatia kwenye faili jingine ambalo sikuligusa tangu Ramadhani. Nikarudia tena, ikapita salama. Nikavimba kichwa, nikabadilisha neno moja aliloomba mzee, ikazimika kabisa. Akainuka, akaniuliza kwa upole uliouma kuliko tusi: "Kijana wangu, hii kazi itakwisha siku hiyo kompyuta ikipenda?"

Kosa la msimbo kwa kawaida lina adabu: liite mara mia, litatokea mstari uleule. Linalohamahama faili hadi faili, shuku chuma.

Na chuma chenyewe ni ajabu. Ndani ya ramu, yaani kumbukumbu ya kompyuta, kila biti ni kapasita ndogo mno yenye chaji ya umeme, na transista ya kuilinda. Ubunifu wa Robert Dennard wa IBM, uliopata hataza mwaka 1968. Kapasita hiyo huvuja kama mtungi wenye ufa, kwa hiyo kwa kawaida hujazwa upya kila milisekunde 64. Gigabaiti 8 zina biti zaidi ya bilioni 68. Moja ikiishiwa kabla ya zamu yake, 1 inasomeka 0. Mwaka 2003 huko Schaerbeek, Ubelgiji, mgombea alizidishiwa kura 4,096 na kompyuta ya uchaguzi. Programu ikachunguzwa, kosa halikuonekana. Ikashukiwa biti moja iliyogeuka, maana 4,096 ndiyo thamani kamili ya biti ya kumi na tatu. Iliyompa mtu kura itashindwa kunivunjia mimi heshima?

Kompaila huumbuka kwanza kwa sababu hujaza kumbukumbu anwani zinazoelekezana. Anwani moja ikikosea biti moja, programu inajikuta pasipo pake, na Linux inaiua kwa ishara namba 11. Filamu haina taabu hiyo: nukta moja ya kanzu ya mwigizaji inabadilika rangi, nani atajua?

Ndiyo maana muuzaji wa mtumba aliyeniuzia kompyuta hii aliniwekea wimbo wa YouTube, akasema, "Si unaona inacheza, kaka?"

Usiku nikawasha Memtest86 kutoka kwenye flashi. Huandika ruwaza katika kumbukumbu nzima, kisha huzisoma kuona kama zimebaki vilevile. Skrini ikajaa wekundu, anwani zilezile kila mzunguko. Nikampelekea muuzaji picha. Akanionyesha maandishi ya chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Hapo kicheko kinaniishia. Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora wa alichouza. Lakini nani ataacha kibarua aende kortini kwa kipande cha ramu? Wauzaji wanalijua hilo, na wanalila.

Ramu mpya nimeweka. Leo feni imeanza kukoroma. Chaja nayo inanuka moshi.

Ukienda kununua mtumba, tia flashi ya Memtest mfukoni. Mwache muuzaji acheze wimbo wake mpaka mwisho, kisha omba mzunguko mmoja mzima. Akikataa, mpe mkono uondoke.