Sifa za Mkweche Unaochemsha

Kulisifu gari jipya ni kazi ya mvivu. Linalostahili sifa ni mkweche, lile gari ambalo likifika mlima wa Kitonga mshale wa joto hupanda kabla gari lenyewe halijapanda. Mwenye nalo pale Kalenga, Iringa, huonewa huruma na majirani, na huruma hiyo haina msingi, kwa sababu ana mali adimu: chombo kisichojua kusema uongo. Gari jipya likiumwa huwasha taa ya njano, likanyamaza, na mwenyewe hana budi kulipeleka likapimwe kwa kompyuta. Mkweche hujieleza hadharani. Moshi wa bluu, unakula oili. Moshi mweusi, mafuta yamezidi hewa. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto, maji yanaingia kwenye silinda, na hedi gasketi imekwenda.

Tena hufundisha kutafuta chanzo kabla ya dawa, maana kuchemsha si ugonjwa mmoja. Ukichemsha kwenye foleni na kupoa ukikimbia, mtuhumiwa ni feni, kwani mwendo umeleta upepo ambao feni ilipaswa kuuleta. Ukitulia mjini na kuchemsha mlimani, kagua rejeta: huenda nje imezibwa na vumbi la njia ya Hifadhi ya Ruaha, au ndani imejaa kutu kwa kunyweshwa maji ya mtoni miaka nenda rudi. Mpira wa juu wa rejeta ukiwa wa moto na wa chini wa baridi, maji hayazunguki. Themostati imekwama au pampu imechoka. Maji yakipungua bila tone kuonekana chini, chomoa kijiti cha oili: kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, ubishi umekwisha. Hata mfuniko wa rejeta una somo lake. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Kinachoyazuia kuchemka mapema kwenye injini ni mgandamizo unaoshikiliwa na springi na mpira wa mfuniko huo. Mpira ukilegea, gari lililoonekana zima Kariakoo litachemsha likipanda mjini kutoka Ipogolo. Serikali hutoza magari yaliyokula umri ushuru wa uchakavu yanapoingia nchini. Kwa mafunzo yote haya, kwa haki ingeyarudishia kiasi fulani kama posho ya ualimu.

Watasema mkweche unamaliza pesa. Pesa humalizwa na kubahatisha: leo rejeta, kesho pampu, keshokutwa injini nzima, na kumbe kosa lilikuwa mfuniko. Wengine humwambia fundi ang'oe themostati yaishe. Huenda kweli gari likaacha kuchemsha, lakini asubuhi za Juni na Julai, kwa baridi ya nyanda hizi, injini huchelewa kupata moto, ikanywa mafuta kupita kiasi na kujisaga yenyewe. Hapo shahidi amezibwa mdomo na mwizi yuko ndani bado. Pingamizi zito zaidi ni usalama, na kwa breki na matairi mabovu sina utetezi wowote. Sifa hizi ni za injini tu. Injini inayochemsha humwamuru dereva akae kando na kusubiri. Mwenye haraka ya kufungua rejeta ikiwa ya moto ataelimishwa na mvuke, usoni na mikononi.

Hata siku ya kuuzwa, mkweche haukosi faida. Mwenye nao atautangaza kuwa hauna tatizo, na atahakikisha mteja anaukuta umepoa. Mnunuzi aliyewahi kulelewa na mkweche mwingine atachomoa kijiti cha oili, atafungua mfuniko, kisha ataomba ufunguo ili aupeleke mkweche Ipogolo na kuupandisha mjini. Bei itakayopatikana baada ya hapo ndiyo bei halali.