Sifa za Kosa la Karani

Watu wamesifu mengi duniani: wamesifu mvua na mwezi, farasi na upanga, mke mwema na jahazi jepesi, hata usingizi, ambao ni ndugu wa mauti, haukukosa mtungaji wa kuupamba. Lakini sijapata kumsikia mtu akisimama kulisifu kosa, na hasa lile kosa dogo, dhalili, lisilojulikana baba wala tarehe ya kuzaliwa, ambalo karani wa jeshi huliacha katika cheti cha askari siku ya kumwachisha kazi. Kwa kuwa hisani isiyoshukuriwa ni deni, nami nina jamaa aliyefadhiliwa sana na kosa la namna hiyo, naona ni wajibu wangu kulilipa deni hilo leo, nikiomba radhi mapema kwa uchache wa maneno yangu mbele ya utukufu wa msifiwa.

Jamaa yangu huyo ni kijana wa Lamu aliyehamia Marekani, akaingia jeshini huko, akatumika miaka minne, kisha akaagwa kwa salama. Kwetu mtu huitwa kwa jina lake, likafuatwa na la baba, kisha la babu, na hapana anayeona dhiki katika mpango huo. Lakini fomu ya Kimarekani hutaka jina la ukoo litangulie, na karani wa kambi moja, alipoyakuta majina matatu ambayo kila moja kwake lilifanana na jingine, akaona si vibaya kumpunguzia msafiri mzigo, akaliacha la mwenye cheti, akaandika la baba na la babu. Kijana naye, mfuko wake ukiwa mlangoni na roho yake imekwisha kupanda gari, akatia sahihi pasipo kusoma. Kwa kalamu hiyo moja, marehemu baba yake, fundi wa majahazi ambaye umri wake wote aliumaliza baina ya Lamu na Pate, na ambaye bunduki aliiona mabegani mwa polisi tu, akawa ametumika miaka minne katika jeshi la Marekani, akapata nishani mbili, akaachishwa kwa heshima zote. Ni mfalme gani aliyepata kumtunukia maiti hidaya kama hiyo bila ya kuombwa?

Cheti chenyewe huitwa DD 214, na anayekidharau kwa kuwa ni karatasi hajui mambo. Kwa askari mstaafu wa nchi ile, hicho ndicho ufunguo wa hospitali, wa mkopo wa nyumba, wa masomo, na mwisho wa yote, wa kaburi katika makaburi ya taifa. Kila chumba chake kidogo kina neno lake: siku ya kuingia, siku ya kutoka, muda uliotumika ng'ambo, nishani, sababu ya kuachishwa, na lile neno zito kuliko yote, la namna mtu alivyoagana na jeshi, ama kwa heshima, ama kwa heshima pungufu, ama kwa fedheha. Wahenga walisema wino wa Mungu haufutiki. Walisema hivyo kwa sababu hawakuwahi kujaribu kuufuta wino wa karani.

Fadhila ya kwanza ya kosa ni kwamba ni mwalimu. Jamaa yangu, ambaye alipokuwa chuoni alikimbia vitabu kama paka akimbiavyo maji, leo aweza kukuhadithia sheria za Marekani kama wazee wetu wahadithiavyo pepo za kaskazi na kusi. Amejifunza kwamba maombi ya kusahihisha huandikwa katika fomu ya DD 149. Kwamba makosa mepesi yaweza kumalizwa na makarani wa kumbukumbu, lakini mazito hupelekwa mbele ya baraza la raia. Na kwamba mabaraza hayo yalizaliwa kwa sheria ya mwaka 1946, kwa kuwa hapo kabla askari aliyetaka kusafishiwa jina hakuwa na mlango ila Bunge lenyewe, limtungie sheria yake peke yake, mpaka wabunge wakachoka kuwa wasahihishaji wa makarani.

Tena ni mlezi wa subira. Kulizaa kosa kulichukua muda wa kupepesa jicho. Kuliuguza huchukua misimu. Sheria humpa askari miaka mitatu tangu alipoligundua, ingawa baraza laweza kumsamehe aliyechelewa ikiwa insafu yataka hivyo. Nayo mabaraza yameamriwa kumaliza maombi tisa katika kila kumi kwa muda wa miezi 10, na yote yaliyobaki kwa miezi 18. Wala asidhani mtu kuwa hili ni baraza kama zetu za Pwani, ambapo mwenye shida huketi, akapewa kahawa, akasikizwa mpaka akohoe. Hapa mwombaji hana haki ya kuitwa. Huingia karatasi zake, yeye akabaki nje ya mlango asioujua uliko. Basi kosa humlazimu awatafute wenzake aliolala nao hema moja, mmoja yuko mashariki, mwingine magharibi, awaombe wamwandikie ushahidi kwamba yeye ni yeye. Urafiki uliokuwa umekufa ganzi ukafufuka. Ni nani mwingine angewakusanya?

Lakini fadhila iliyo kubwa kuliko hizo ni kwamba kosa huufundisha moyo unyenyekevu. Baraza huanza kazi yake kwa dhana njema, dhana ya kwamba afisi za serikali zilifanya mambo yake sawasawa. Mzigo wa kuthibitisha kinyume ni wa yule anayelalamika. Fomu humwonya kuwa akisema uongo atapatikana na adhabu; karani, aliyekwisha kuusema, haonywi na mtu. Hivyo mwanadamu mwenye nyama na damu, mwenye kovu gotini, husimama mbele ya karatasi akaiomba imtambue, nayo karatasi ikiwa ndiyo yenye heshima. Wanafilosofia wamesumbuka karne nyingi wakiuliza kama mtu yuko kweli. Kosa la karani limelijibu swali hilo: yuko, ikiwa ana nakala zilizothibitishwa.

Hata katika utabibu kosa lina cheo chake. Askari wengi waliorudi kutoka Vietnam wakiruka kwa kila mlango uliogonga waliachishwa kwa heshima pungufu, wakaandikwa kuwa ni watu wa tabia mbaya, maana waganga wa Marekani hawakuliandika rasmi jina la maradhi hayo ya akili baada ya vita mpaka mwaka 1980. Kalamu ilikuwa imekwisha kutoa dawa kabla maradhi hayajapewa jina. Ilipofika 2014, Waziri wa Ulinzi, Chuck Hagel, akayaagiza mabaraza yawatazame watu hao kwa jicho la huruma. Nani awezaye kulilaumu kosa, ikiwa lilivumilia miaka yote hiyo kumngoja daktari?

Na kama ni umri, basi kosa ni kobe. Tarehe 13 Agosti 1906 usiku, risasi zilipigwa katika mji wa Brownsville, Texas, mtu akafa, na lawama ikawaangukia askari weusi wa Kikosi cha 25 cha miguu. Rais Theodore Roosevelt akawaachisha 167 bila ya heshima na bila ya kesi. Neno hilo lilidumu mpaka mwaka 1972, jeshi lilipolibatilisha. Wenyewe karibu wote walikuwa wametangulia mbele ya haki. Dorsie Willis, aliyekula jasho lake Minneapolis kwa kung'arisha viatu vya watu, ndiye aliyebaki kukipokea cheti, mzee wa zaidi ya miaka 80, na baadaye akapewa dola 25,000. Naye Henry Flipper, mtu mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha maafisa wa jeshi cha West Point, mwaka 1877, aliondolewa jeshini mwaka 1882, akabisha hodi Bungeni miaka mingi, akafa 1940, miaka sita kabla ya sheria ya mabaraza. Cheti chake kikasahihishwa mwaka 1976, na msamaha wa Rais Clinton ukamfikia mwaka 1999. Watu hufa, marais hupita, kosa limekaa kitako.

Hata moto hulistahi. Tarehe 12 Julai 1973 ghala ya kumbukumbu karibu na St. Louis ilishika moto, zikateketea faili baina ya milioni 16 na 18, zisizokuwa na nakala. Za jeshi la nchi kavu, asilimia 80 za walioachishwa baina ya 1912 na 1960 zikawa majivu. Za jeshi la anga, moto ulifuata alifabeti kama mwanafunzi mtiifu, ukaanzia katika jina la Hubbard ukaenda mpaka herufi ya mwisho. Faili iliyokuwa na ukweli ikiungua, na cheti chenye kosa kikiwa salama katika sanduku la askari, ni lipi kati ya hayo mawili litakaloitwa ukweli kesho?

Jamaa yangu alijaaliwa. Baada ya mwaka na miezi alipata karatasi iitwayo DD 215, yenye jina lake kamili. Akaipokea kwa mikono miwili, akataka kuichana ile ya zamani, akaambiwa hasha: sahihisho haliondoi kosa, huambatishwa nalo. Tangu hapo, kila afisi aendako hutoa zote mbili, baba mbele na mwana nyuma, kama watu waendao sala ya Idi.

Akampelekea mama yake Lamu picha za karatasi hizo. Bibi huyo hasomi Kiingereza, ila jina la marehemu mumewe alilitambua mara moja, na chini yake akaonyeshwa mahali palipoandikwa nishani. Juma lililofuata karatasi hiyo ilikuwa ukutani katika fremu, juu ya msumeno na randa za fundi. Kijana alipomkumbusha kwa simu kwamba iliyo sahihi ni ile ya pili, mama akamjibu kwa upole: "Hiyo ni yako, mwanangu, kaa nayo. Hii ni ya baba yako."